Mstari Nilioufuta

Kaka yangu Hamidu,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: ule ukurasa wa mtandaoni wa zahanati niliuharibu mie, si wewe.

Unakumbuka siku ile sebuleni kwetu Mbagala, tunagombania feni? Ulipokwenda kuswali alasiri uliniachia kompyuta nimalizie ukurasa wa zahanati. Mkaguzi, ile programu yako inayopitia kazi mstari kwa mstari, alikuwa ametoa maonyo kumi na moja: vitu ambavyo brauza, zile programu za kufungulia mtandao, za simu za zamani hazitavielewa. Nilikuwaga nakuuliza, simu za zamani za nini? Ukanijibu, "Sista, huku kwetu simu mpya ya baba, iliyopasuka anarithi mama. Haya, anayempeleka mtoto hospitali nani?"

Nilirekebisha manne. La tano likanishinda. Lilikuwa la Kiingereza na nililielewa neno kwa neno, siwezi kusingizia lugha. Ila nilishakuuliza mara mbili siku hiyo, nikaona haya kukuuliza ya tatu. Basi nikafungua faili ulikoorodhesha brauza za kukaguliwa, nikafuta mstari wa zile za zamani. Mkaguzi akanyamaza.

Uliporudi ukakagua tena mwenyewe. Hakuna onyo hata moja. "Duh! We mtoto nitakuoza kwa kompyuta!" Nikacheka na wewe. Nilicheka, kaka. Kesho yake, ukurasa umeshaingia mtandaoni, nikaurudisha ule mstari kimyakimya ili usijue.

Kisha daktari wa watoto akabadilisha siku ya kliniki. Ukurasa ulitangaza, lakini kwenye simu za zamani ulifunguka mweupe tu. Mwanamke mmoja akafika na mtoto anahema kwa shida, daktari hayupo. Mtoto yule sijui aliishia wapi. Naogopa kuuliza.

Mwenye zahanati akaja nyumbani.

"Kijana, hukukagua."

"Nilikagua, wallahi mzee. Ngoja nikuonyeshe."

Ukakagua mbele yake. Maonyo saba. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Ukayahesabu tena kwa kidole, halafu ukasema polepole, "Basi labda nimechanganyikiwa."

Nikaweka vikombe mezani, nikaondoka.

Sasa uko Lindi, kwenye useremala wa mjomba, na kompyuta hutaki hata kuisikia. Mjomba anasema kila ubao unaupima mara nne, mara tano, na bado unamwita aje kutazama kama umeona sawa. Mama anaambia wageni kwamba ulikuwa mzembe. Mie napita na ndoo zangu.

Hukuchanganyikiwa, kaka. Macho yako mazima. Ulikagua, na ulichokiona ndicho kilichokuwepo, kwa sababu nilikupangia—

Ndala za mama hizo, koridoni. Akiuliza nitasema ni insha ya shule, atanisifu. Naiweka barua hii chini ya godoro, pamoja na zile mbili nyingine ambazo sikuzituma.

Nisamehe.

Mdogo wako wa mwisho