Jiwe la Marehemu Stennett

Boston, Lincolnshire
8 Oktoba 2006

Kwa Bibi yangu Leokadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti linasemaje? Na yule mbuzi mwenye roho mbaya, bado yupo? Mimi huku niko imara, nimejaa kifua, ukiniona utadhani marehemu Babu Hieronim amefufuka kuja kudai chakula.

Naandika kwa mkono kama mtu wa zamani kwa sababu hutaki kupigiwa simu kwa jirani yako Halszka, eti anasikiliza. Anasikiliza kweli. Haya.

Kazi ni koliflawa. Asubuhi shambani, jioni ghalani. Nyapara mwenyewe amekiri hajaona kisu chepesi kama changu. Yaani, hakukiri hivyo. Alisema, "Sio mbaya." Bibi, hawa Waingereza ukiwaletea mbingu kwenye sinia watakwambia sio mbaya. Na ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Juzi nilimkanyaga mmoja dukani, akaniomba radhi, nami nikamwomba, akaniomba tena, tukabaki tunainamiana kama majogoo wawili walioishiwa hasira.

Mwenye nyumba wangu ni Bi Mavis Stennett, mjane, mdogo kama shomoro. Chai yake ina maziwa mpaka inafanana na maji yaliyooshewa brashi ya rangi. Tunaelewana. Kiingereza changu sasa ni cha mabwana wakubwa, mwenyewe ananishangaa.

Sasa kaa chini, kama hujakaa. Nilimwambia kwamba Krismasi utakuwa peke yako, nikaweka uso wa huzuni, ule ninaokuwekea nikitaka keki ya mbegu za popi. Akasema kile chumba kidogo cha mbele hakina mtu. Kwa hiyo shughulikia pasipoti. Unakuja Uingereza.

Mjukuu wako unayempenda kuliko wote (najua niko peke yangu),
Sewek


Zarzecze, Polandi
19 Oktoba 2006

Kwa mjukuu wangu Seweryn,

Milele na milele, amina. Goti linauma upande wa mvua. Mbuzi mzima, na roho yake ni ile ile. Jana kala nusu ya pazia.

Nimepiga picha ya pasipoti. Mpiga picha alinikataza kutabasamu, nikatoka kama mtu aliyeiba kengele ya kanisa. Lakini nitakuja. Mwaka jana, mkesha wa Krismasi, niliweka sahani mbili: yangu, na ile ya mgeni wa njiani tunayoiweka kila mwaka. Mgeni hakuja. Nikala huku naitazama ile sahani tupu, nikasema mwaka mwingine sirudii.

Sasa sikiliza, wewe uliyeacha shule ukidhani umeimaliza. Mwanamke anayekufungulia nyumba yake halipwi kwa maneno. Umesema ni mjane, na Sikukuu ya Watakatifu Wote, ya kusafisha makaburi na kuyawashia taa, ndiyo hiyo inakaribia. Mumewe amelala wapi? Nenda ukamsafishie kaburi, ulisafishe kweli, sio kupangusapangusa. Jiwe la babu yako nimeshalisugua mpaka naona miwani yangu ndani yake. Halszka amelipita mara mbili na wivu wake.

Usimwambie kabla. Zawadi haitangazwi.

Vaa soksi.
Bibi yako


Boston
5 Novemba 2006

Kwa Bibi, mshauri wangu mkuu,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu za goti baadaye, leo nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo naanza na wewe.

Nilifanya ulivyosema. Nilimtafuta Bwana Wilf Stennett makaburini mpaka nikampata. Bibi, aibu. Siku ya Watakatifu Wote na makaburi yao giza tupu, hakuna taa hata moja, kama watu hawa hawajawahi kufiwa. Na jiwe lake ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Majirani zake wote safi, yeye peke yake kaota kuvu la kijani, lile nene kama zulia, linapanda mpaka kwenye jina. Juu ya kuvu kuna uchafu mweupe umemwagika na kukauka. Nikasema, ndege wa Uingereza hawana adabu.

Nikavua koti. Brashi ya waya, sabuni, ndoo baada ya ndoo. Unanijua nikianza kazi. Nilipomaliza, jiwe liling'aa kama upara wa padri wetu. Nikawasha taa nne za mishumaa, zile za kioo chekundu kutoka duka la Kipolandi, nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia Bi Stennett avae koti, kuna kitu nataka akione.

Alisimama mbele ya lile jiwe muda mrefu. Nilijua analia kwa furaha, nikamwachia nafasi. Kisha akaniambia, "Umenifikiria sana, Sewek. Asante." Tukarudi. Akaingia jikoni, akafunga mlango taratibu, taratibu kabisa, kama mtu anayefunika kisima.

Tangu siku hiyo hasemi. Anaandika. Asubuhi nakuta vikaratasi. Kwenye birika: "Tafadhali lijazwe likitumika." Kwenye ngazi: "Viatu, kama haitakuwa taabu." Nilipouliza kuhusu chumba chako cha Krismasi akasema, "Tutaona." Nimewauliza wenzangu wa ghalani wanaowajua Waingereza, wakanihurumia. Wanasema tutaona ya Mwingereza ni hapana iliyovaa tai.

Wewe ungenipiga na mwiko, ungenitukana mimi na ukoo mzima wa baba yangu, kisha tungekula. Huyu ananiomba tafadhali mpaka natamani kulia. Ushauri wako huo, Bibi. Nilikuwa nimetulia na koliflawa zangu.

Mjukuu wako aliyekusikiliza,
Sewek


Zarzecze
14 Novemba 2006

Kwa Seweryn,

Milele na milele, amina. Usinitupie mimi jiwe la watu. Nilisema usafishe, sikusema ulichune ngozi. Brashi ya waya. Nani husugua kaburi kwa brashi ya waya? Sufuria iliyoungua ndiyo husuguliwa kwa waya.

Pasipoti imetoka. Ipo kabatini juu ya mashuka, nami napita naitazama kama mjinga, sijui niwaambie kuku naondoka au nisiwaambie. Padri kaniuliza kanisani lini nasafiri. Nikamwambia tutaona. Kumbe hata mimi najua Kiingereza.

Wewe shida yako ni mdomo. Hadithi zako zote nilizosoma, wewe umesema, wewe umefanya, wewe umeng'arisha. Yule mama hujamuuliza neno hata moja. Kaa mbele yake, muulize umemkosea nini, kisha nyamaza. Nyamaza mpaka aseme. Hata kama ni mpaka Pasaka.

Bibi yako, ambaye hana kosa


Boston
26 Novemba 2006

Kwa Bibi ambaye hana kosa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shika kitu.

Jumapili nilikaa mezani mbele yake, nikasema, "Bi Stennett, nimekukosea nini?" Nikafunga mdomo. Bibi, hujui ilivyoniuma. Nilikuwa na vichekesho vitatu vizuri, vyote nikavimeza. Akageuza kikombe. Akakigeuza tena.

"Mtindi," akasema.

Nikanyamaza. Sikuelewa, lakini nikanyamaza.

"Ule weupe kwenye jiwe la Wilf. Ulikuwa mtindi. Niliupaka mimi."

Kumbe marehemu alikuwa mjenzi wa kuta za mawe, maisha yake yote mikono kwenye mawe ya zamani, na yale makaburi mapya aliyachukia, alisema yanafanana na maegesho ya magari. Alipougua aliomba kitu kimoja tu, asionekane mpya. Na huku watu wa bustani wakitaka jiwe lizeeke haraka hulipaka mtindi, kuvu linakula, linaota. Basi yule mama, tangu wamzike, kila Jumapili anabeba kopo la mtindi na kijiko, anakwenda kumlisha mumewe. Majirani wanadhani kachanganyikiwa, na yeye hajamweleza mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Lilikuwa limeshafika kwenye jina lake," akasema. "Herufi ya kwanza."

Nikasema, "Mimi nilidhani ni mavi ya ndege."

Akatoa sauti kama birika likianza kuchemka. Sikujua anacheka au nimemuua. Alicheka, kisha akalia, kisha akaniomba radhi kwa kulia. Mimi nimemchuna mumewe, na yeye ndiye anayeniomba radhi mimi. Nitazeeka katika nchi hii kabla sijawaelewa.

Nikamuuliza tena, kwa upole, habari ya chumba. "Tutaona," akasema. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo akaniuliza kama wewe unakunywa chai na maziwa. Nikamwambia hapana, unakunywa na limau. Akaonekana kusikitika sana. Basi ndiyo hivyo, Bibi, nadhani nimeharibu hata na chai yako. Jana alikuwa chumba cha mbele anapima dirisha kwa utepe, labda anataka kukipangisha kwa mtu mwingine. Mwambie padri hutasafiri.

Mjukuu wako mwenye bahati mbaya,
Sewek


Zarzecze
5 Desemba 2006

Kwa mjukuu wangu kipofu,

Milele na milele, amina. Anapima dirisha, anauliza chai, na wewe unalia. Huyo mama anashona pazia, mjinga wewe. Nimeshakata tiketi.

Barua yako niliisoma, nikavaa buti, nikaenda kwa babu yako kumhadithia. Nikamwambia, Hieronim, kuna mjane Uingereza anamlisha mumewe mtindi. Nikawa nazunguka jiwe huku naongea, maana miguu ilikuwa inaganda, nikafika nyuma. Sewek, nyuma ya jiwe la babu yako kuna kuvu la kijani linafunika toka chini mpaka juu. Miaka yote nasugua mbele, huku wanakopita watu. Nyuma sikuwahi kutazama. Nami natembea kijijini kichwa juu kwa usafi wangu.

Nikatoa kisu cha jikoni nikabandua kipande kizuri pamoja na udongo wake, kimekaa kwenye chupa ya jamu na kitambaa kibichi. Halszka alinikuta nimepiga magoti, na goti hili, nakwaruza kaburi la mume wangu kwa kisu. Sikumweleza. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba Leokadia amepatwa na wazimu.

Natua tarehe 21. Mtindi wa makopo hauna nguvu, mwambie. Atafute maziwa halisi, tutayagandisha wenyewe.

Bibi yako


Zarzecze
20 Januari 2007

Kwa Bibi, popote alipo,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti linasemaje? Langu mimi linasema baridi.

Tulikubaliana nini? Ghala limefungwa kwa baridi, wewe umenogewa na Boston, mimi nije kulisha kuku wako kidogo tu. Kidogo tu, Bibi. Mbuzi amening'ata mara ya pili, pale pale. Halszka anakuja kila siku na supu ya kabichi, ananitazama ninavyokula, anauliza kama kichwa chako kinaendelea vizuri. Kwenye foleni ya mkate wananionea huruma.

Nami nina kazi inayonisubiri. Mkataji bora wa koliflawa Lincolnshire nzima yuko hapa anaokota mayai. Unarudi lini? Nijibu kwa neno moja linaloeleweka.

Mjukuu wako, mchunga kuku,
Sewek


Boston
30 Januari 2007

Kwa mjukuu wangu Seweryn,

Milele na milele, amina. Goti halijaniuma tangu nianze kulalia chupa ya maji moto aliyonipa Mavis, ameivalisha sweta.

Kiingereza chako cha mabwana wakubwa kakitupe kwenye banda la kuku. Mimi na Mavis hatuna hata neno moja la pamoja na tunaongea kutwa. Yeye anasema chake, mimi nasema changu, tunashona. Chai namwachia aweke maziwa. Matone mawili, asihuzunike.

Kila Jumapili tunakwenda kwa Wilf. Yeye anabeba kijiko, mimi nabeba bakuli. Watu wanapita, wanatazama mbali, wanaomba radhi. Kile kipande cha kuvu la Hieronim tulikibandika chini ya jina, na juzi tulipoinama kutazama, hakijakauka, kimeshika. Mavis alikigusa kwa kidole, akanitazama, akasema lile neno la nyapara wako, ambalo nimeshalizoea. Sio mbaya. Kisha akanishika mkono mpaka nyumbani.

Kuku na mbuzi mpe Halszka, urudi kazini kwako. Kitanda chako kipo. Mimi nitarudi Pasaka, au baada ya Pasaka. Tutaona.

Kabla hujaondoka, nenda kwa babu yako. Chukua maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, usugue mbele vizuri, Halszka aone.

Nyuma usiguse.

Bibi yako