Mkanda wa Kochi Kiunoni Mwangu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nishike mkono kabla sijamuumiza mtu aliyenitendea wema, maana shida yangu haikutoka kwa mtu mbaya, imetoka kwa mume wangu, na mume wangu ni mwema kiasi kwamba hata kumshtaki kwako naona haya.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya kiti tangu asubuhi, shingo chini, mgongo umepinda, vidole kichwani mwa mtu, na mteja akiwa mfupi ndiyo napinda zaidi, basi mwaka jana kiuno kikanigomea, ikawa nikiinama kuokota kitana siinuki mpaka nishike meza, na mume wangu akiniona hivyo anaumia kuliko mimi. Yeye ni fundi wa makochi. Anafumua makochi ya watu yaliyobonyea, anakaza ile mikanda ya chini, anarudishia sponji na kitambaa, na kochi linarudi kwa mwenyewe likiwa jipya. Siku moja akanipima kiuno kwa futi yake ya kazini, nikadhani ananitania, kumbe ananishonea mkanda! Aliutengeneza kwa mikanda ileile mipana ya kochi, ndani sponji, juu kitambaa cha maua mekundu kilichobaki kwenye kochi la jirani yetu, na upande unaogusa ngozi alificha nyuzi zote ili zisinikwaruze. Akanifunga mwenyewe, akavuta mpaka pumzi ikanikatika, akasema, "Kochi likibonyea dawa yake ni kulikaza tu, mama. Na wewe utakaa sawa."

Shangazi, nililia kwa furaha. Na kweli nilipata nafuu, nikaweza kusimama kazini, lakini nikawa siuvui, na kadiri nilivyozidi kuuvaa ndivyo kiuno kilivyozidi kulegea nikiuvua, mpaka nikawa siinui hata sufuria bila mkanda, ndipo nikaenda hospitali, wakanipima, wakanipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo ambaye hacheki na mtu. Akaugeuza ule mkanda, akausifu ushonaji, kisha akaniambia, "Huu kwa muda mfupi si neno. Ukiuvaa kutwa kucha, misuli yako inakwenda likizo." Akanilaza chali magoti yamekunjwa, akanifundisha kukaza tumbo taratibu huku napumua, kisha kuinua nyonga na kuzishusha bila papara, kisha kupiga magoti na kuweka viganja chini, ninyooshe mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, mgongo usiyumbe. Mwanzoni nilitetemeka mwili mzima. Sasa kila asubuhi kabla sijafungua saluni natandika shuka sakafuni nafanya mazoezi yangu, na siku moja mteja alisukuma mlango akanikuta nyonga ziko juu, akapiga ukelele akidhani nimepatwa na kifafa, ikabidi nimtulize yeye kwanza ndipo nimsuke.

Nimepona, Shangazi. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama asiyecheka, najiona nimerudishiwa mwili wangu. Tatizo ni kwamba mume wangu hajui. Kila asubuhi ananifunga mkanda kwa mikono yake, nafika saluni nauvua nautundika nyuma ya mlango, jioni nauvaa narudi nyumbani. Siku nilipoinua ndoo ya maji mbele yake bila kuguna, machozi yalimlenga, akasema, "Umeona? Mkanda umejibu." Nikasema, "Ahsante, baba." Ningesema nini?

Ningeendelea kunyamaza, lakini mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ananipenda kama aliyenizaa, naye ameanza kuumwa kiuno, na mume wangu amemshonea wake, mpana kuliko wangu, wenye vifungo viwili vya chuma. Mama anauvaa hata akilala. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja mzima huku anaimba, sasa anashinda kitini akimngoja mwanawe aje amlegezee, na juzi alipojaribu kusimama bila mkanda alishindwa, akaketi, akanitazama akitabasamu, akasema, "Usijali, mwanangu. Wewe umepona, na mimi nitapona. Nafuata nyayo zako." Maneno yale yananichoma mpaka leo. Nikisema ukweli, namvunja moyo mume wangu na kumwaibisha mbele ya mama yake, nikinyamaza, mama anazidi kudhoofika kwa kunifuata mimi. Nifanyeje?

Msusi mwenye shukrani na hofu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nacheka na barua yako, hasa huyo mteja wako maskini, mpaka nilipofika kwa mama mkwe. Hapo nikavua miwani.

Kwanza hongera. Wangapi wamefundishwa mazoezi hospitalini wakayaacha palepale getini! Wewe uliyachukua ukayalaza sakafuni kila siku, na mwili umekulipa. Tena mume uliye naye mshukuru Mungu kwa sauti, maana wapo wanaume wakisikia mke anaumwa kiuno wanauliza chakula kitachelewa mpaka lini.

Sasa nikuseme. Shukrani gani hiyo ya kumwacha mtu aendelee kukosea? Mume wako amejenga juu ya hiyo "ahsante, baba" yako, na ghorofa ya pili amempandisha mama yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniandikia akiwa anaficha uzima! Mama mkwe hakusema anaufuata mkanda, amesema anakufuata wewe. Basi mwonyeshe njia uliyopita kweli.

Leo jioni usirudi na mkanda kiunoni. Rudi nao mkononi. Mkalishe mume wako, nyinyi wawili tu, na uanze na shukrani, kwa sababu ni ya kweli: mkanda ule ulikusimamisha kazini siku ambazo usingeweza, na ulikufikisha hospitali ukitembea kwa miguu yako. Ukishamshukuru, mwambie yote, pamoja na hilo la nyuma ya mlango. Wala usimwambie alikosea. Muulize tu: kochi likibonyea, fundi hulifunga kamba kwa nje, juu ya kitambaa, akamrudishia mwenyewe? Atakuuliza ni fundi gani huyo wa ovyo. Atakwambia lazima ulifumue, ukaze mikanda iliyo ndani. Hapo mwambie kwamba mgongo nao una mikanda yake ya ndani, mingine iko tumboni, mingine kiunoni, na hiyo haikazwi na fundi hata awe hodari vipi, huikaza mwenye mgongo mwenyewe. Ataelewa kabla hujamaliza. Akinuna, mwache anune. Kununa kwa siku mbili tatu hakujabomoa nyumba ya mtu.

Kuhusu mama, usije ukachangamka ukamvua mkanda na kumlaza sakafuni ukajifanya daktari. Umri wake si wako, na kiuno chake hakijapimwa. Mpelekeni hospitali. Kama maumivu yanamshukia mguuni, miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, au haja inampa taabu, msingoje hata siku moja. Yule mama asiyecheka ndiye aseme aanze na zoezi lipi na mkanda upunguzwe vipi, na mume wako awepo asikie kwa masikio yake. Akisikia ule ushonaji unasifiwa na mtu asiyesifia hovyo, uchungu utampungua.

Na wewe usivimbe kichwa kwa sababu umepona. Ukiacha mazoezi, kiuno hakitakukumbusha kwa upole. Kiti cha wateja wako pia kiinuliwe. Unaishi na fundi wa sponji halafu unapinda mgongo juu ya vichwa vya watu wafupi, si aibu hiyo?

Kisha mpe mume wako kazi, maana mikono yake imezoea kukupenda kwa sindano na ukiinyima kazi itahangaika. Amshonee mama yake godoro jembamba la kufanyia mazoezi, la sponji ngumu isiyobonyea, na yale maua mekundu kama yamebaki. Ninyi wanawake wawili mlalie hapo kila asubuhi, msaidiane kuhesabu, mcheke mkitetemeka. Mama atakuwa amezifuata nyayo zako kama alivyosema, safari hii zile zenyewe.

Ule mkanda wako usiutupe. Mkimaliza mazoezi, likunjeni godoro, mlizungushie mkanda, halafu umwite mume wako aje aufunge mwenyewe. Mwache avute kwa nguvu zake zote, kama siku ile. Godoro halikatwi pumzi.