Bona Ni Nani?

3 Machi

Mwanangu,

Natumai kifua kimepona na vumbi la mgodini limekuachia. Huku hatujambo, ila moyo wangu hautulii. Mkeo siku hizi akipigiwa simu anajifungia stoo na kuongea Kiingereza. Nilikuwa nafagia ukumbini nikamsikia akimtaja mtu, Bona Faide. Kisha akasema "in vitro", akaanza kulia. Kila Alhamisi anatoka mapema, amejipamba, na akirudi hasemi alikokuwa. Huyo Bona ni nani? Simsingizii mtu, lakini macho ninayo.

Mama

19 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona. Nilimuuliza daktari wa kambi, akacheka mpaka akavua miwani. Bona fide si mtu. Ni Kilatini ambacho Waingereza wamekifanya chao: wa kweli, asiye na hila. Lakini in vitro haikunichekesha. Maana yake "ndani ya kioo". Mimba hutungwa kwenye chupa hospitalini, ndipo ipandikizwe tumboni. Inahitaji mbegu za mwanamume, Mama, nami huu mwaka wa pili niko huku. Za nani? Mbane aseme. Asiposema, nisimkute.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mimi mzima wa mwili tu. Nilimketisha jikoni, na kwa kuwa sijui kuzungusha maneno, nikampa barua yako. Aliisoma, akaikunja.

"Mama, kila Alhamisi nilikuwa naenda hospitali kuulizia tu," akasema. "Nimewaambia mimi ni mkewe bona fide, wakasema bila saini ya mume hawaanzi chochote. Nimepimwa, sina kasoro. Kabla hajasafiri nilimwomba naye apimwe, akasema namvunjia heshima."

Ni kweli? Nijibu upesi. Anafungasha.

Mama

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kazi zilinibana. Mambo ya kupimwa ni ya mume na mke, usiyaingilie. Mwambie abaki, nikirudi tutazungumza.

Mwanao

12 Mei

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Nilikuuliza ndiyo au siyo. Kwa kutojibu, umejibu.

Mkwe wangu hayupo. Begi lake lilikuwa zito, tukalishika kila mtu upande wake mpaka stendi. Basi lilipowashwa aliniuliza kama nitamwandikia. Leo nimeandika barua mbili. Nimeanza na yake.

Mama