Vitunguu Majani vya Kaka Torao

Jumapili, 9 Oktoba 2022
Jua. Nyuzi 17 saa sita mchana.

Makasha sasa ni tisa, yamepangwa ukutani upande wa kusini. La 1 hadi la 4 ni shiso, majani ya kukolezea chakula. La 5 na la 6 nanaa, peke yake, maana nanaa ukiipandia majirani inawameza. La 7 hadi la 9 vitunguu majani, vile vya majani bapa alivyoniachia mama. Mti wa sansho, wa majani ya kiungo, uko kwenye chungu chake. Kando ya uzio ni suisen, maua ya manjano ya mama. Mwezi huu yamelala, ni matunguu tu chini ya udongo.

Nimekata vichwa vya shiso vyenye mbegu, nikavitia chumvi. Vidole vimenukia kutwa. Kisha chai ya nanaa nyuma ya nyumba, vikombe vitatu, mbichi kutoka kasha la 5. Nilikuwa na furaha. Naiandika kwa sababu ilikuwa kweli mpaka saa kumi na nusu.

Saa kumi na nusu Kaka Torao akatoka. Akanikuta na vidole puani.

"Unanusa nini?"

"Mikono yangu, Kaka."

Tangu ile homa ya mwaka jana yeye hasikii harufu yoyote. Wali ukiungua hajui. Hata sake yake, pombe ya mchele, anasema ni maji ya moto tu. Akadhani namcheka. Akanishika kisogo, akanikandamiza uso ndani ya kasha la 2. "Nusa basi. Nusa ushibe." Mara tatu. Udongo kwenye meno, mdomo umepasuka. Akarudi ndani kutazama besiboli.

Shiso ya kasha la 2 imevunjika mashina manne.

Jumatatu, 10 Oktoba
Mawingu. Nyuzi 15.

Bi Komiyama, jirani wa ng'ambo ya uzio, ameuliza kuhusu mdomo wangu. Nikasema kasha liliniangukia.

"Makasha yako yana ngumi, Bi Fusae."

Nikampa fungu la nanaa. Akalinusa, akafumba macho. Akauliza kwa nini sihami. Nihamie wapi? Baba aliandika nyumba kwa jina la Kaka. Mimi nina miaka 58 na makasha tisa.

Jumamosi, 15 Oktoba
Jua. Sikupima nyuzi.

Kaka amesema makasha yanaziba njia ya gari. Ameanza kuyavunja saa mbili asubuhi kwa koleo. Moja moja. Plastiki inapasuka kwa mlio mkali, kama barafu ya dimbwini. Shiso yote imekwisha. Nanaa ameitupa barabarani akaipitia na gari, mbele na nyuma. Sansho tu imepona, kwa sababu ina miiba.

Vitunguu majani ameviacha. Nadhani ni kwa ajili ya mama. Akachukua jembe akalima kando ya uzio, juu ya suisen, akavipanda humo humo. Matunguu yanakatika, yanaviringika, mizizi ya hivi na ya vile imechanganyika. "Bustani moja inatosha," akasema.

Nikamwambia. Hilo nilifanya, naliandika wazi. Nikasema: Kaka, usichanganye, suisen ni sumu, na majani yake yanafanana na ya vitunguu hivi.

Mpini wa jembe ukanipata pajani. Nikaanguka. Akasimama juu yangu, hana hata hasira, anahema tu kama enzi zile alipokuwa akifundisha judo.

"Sasa sikiliza. Neno moja tena kuhusu majani, nakuvunja mkono. Umesikia? Moja."

Vibao vyangu vya majina ya mimea, vijiti vya aiskrimu kumi na tisa, amevivunja kimoja kimoja akaviwasha moto. Nilikuwa nimeviandika kwa wino usiofutika.

Jumatano, 18 Januari 2023
Theluji, sentimita 40. Nyuzi 4 chini ya sifuri.

Bati la nanaa kavu limebaki robo. Kikombe kimoja kwa siku, saa tisa, Kaka akiwa kwenye bafu ya umma. Dirisha nalifungua kidogo, mvuke utoke. Najua hasikii harufu. Nalifungua hata hivyo.

Siku ishirini bila kupigwa. Hapana, nimehesabu vibaya. Tisa.

Ijumaa, 24 Machi
Mvua. Nyuzi 9.

Theluji imeisha kando ya uzio. Vyote vimetoka pamoja. Suisen mwaka huu hazina hata tumba moja la ua; zikihamishwa hununa. Majani matupu, ya kijani, bapa, bega kwa bega na vitunguu. Mgeni hawezi kutofautisha. Mimi huchuma kwa pua: nararua ncha, nanusa. Kitunguu kinajitangaza papo hapo, kinanuka kama saumu. Suisen ni nyasi tu.

Nilianza kuzing'oa kwa mikono. Jembe amelifungia ndani ya gari. Nilikuwa nimeng'oa tatu aliponiona dirishani. Amenivuta nywele kutoka uziani mpaka mlangoni, hatua kumi na nne. Fungu la nywele, upana wa kiganja, limebaki kwenye tope. Nikalichukua. Sijui kwa nini, nikalifukia.

Jumanne, 4 Aprili
Jua. Nyuzi 14.

Leo jalada la mtaa limefika kwetu. Kila nyumba husoma tangazo, hugonga muhuri, hupeleka nyumba inayofuata. Ukurasa wa pili una picha mbili, kushoto kitunguu majani, kulia suisen. Kila masika watu wanakosea, wanaugua familia nzima. Msipande karibu. Msile jani msilolijua. Chini: mkuu wa nyumba agonge muhuri kuonyesha amesoma.

Kaka alikuwa kwenye simu. Akatoa muhuri wake mfukoni, akagonga bila kutazama, huku akicheka na mtu. Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kidole kimoja. Moja. Nikaufunga.

Jina letu, jekundu, chini ya picha mbili. Nikalipeleka jalada kwa Bi Komiyama.

Alhamisi, 13 Aprili
Naandika kwa mkono wa kushoto. Nyuzi sijui.

Sansho imechipua. Bi Komiyama alileta chipukizi la mwanzi, nikalichemsha. Nikachuma majani matatu machanga ya sansho, nikayaweka kiganjani, nikayapiga kofi moja kwa kiganja kingine kama mama alivyotufundisha. Ukilipiga, harufu inaamka. Ilijaa jiko zima. Ndimu, pilipili, mlima baada ya mvua. Nilisimama pale kama mjinga, nacheka peke yangu.

Kaka alisikia kofi. Akaja.

"Nani unampigia makofi?"

"Ni majani, Kaka. Kwa ajili ya –"

"Nilisema nini?"

Akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akakizungusha, polepole, anavyojua yeye. Kililia kama kijiti kibichi. Uso wangu ukagonga ukingo wa sinki. Nilipofumbua macho sansho ilikuwa sakafuni na bado inanukia.

Hospitali nimesema niliteleza kwenye ngazi. Daktari akaandika ngazi. Nyumba yetu haina ngazi.

Jumamosi, 15 Aprili
Mkono una plasta mpaka kiwiko.

Kaka hajanywa sake tangu juzi. Amefagia. Ameosha vyombo, amevunja sahani moja akaficha vipande. Jioni akapiga magoti mbele yangu, paji la uso likagusa mkeka. Tangu tuzaliwe sijamwona hivyo.

"Fusae. Mdogo wangu. Mkono huu ni mbwa." Akaupiga mkono wake sakafuni, tena na tena, mpaka vifundo vikatoa damu. "Nifanye nini? Nikate?"

Nikasema: Kaka, inatosha. Sikusema nimesamehe. Hakugundua.

Jumapili, 16 Aprili
Jua. Nyuzi 16. Mkono wa kushoto unaanza kuzoea.

Amesema leo nisiguse jiko. Yeye, ambaye hajui mchele unawekwa wapi. "Nitakupikia ile supu ya mama. Ya yai na vitunguu majani. Alikuwa akinipa nikiwa na homa, unakumbuka?"

Nakumbuka. Nilikuwa nachuma mimi.

Akachukua mkasi wa jikoni, akatoka. Nikaenda varandani. Alikata upande wa kushoto, kwenye majani manene, yaliyosimama vizuri zaidi. Upande wa kulia, vitunguu vya kweli, vyembamba, hakuvigusa. Akanyanyua fungu juu anionyeshe, kama mtoto aliyeshika samaki.

Nikasema: "Kaka, hayo –"

Alinitazama. Hakukasirika. Kidole kimoja tu kilinyanyuka, chenyewe, kama kimezoea. Kisha akakiona kidole chake, akakishusha, akaona haya. Akapita ndani.

Sasa nipo kwenye meza ya chini, yeye yuko jikoni, mlango uko wazi. Anakatakata. Nanusa. Samaki mkavu. Miso ya soya. Yai. Basi. Vitunguu vya mama vilikuwa vikikatwa unasikia harufu yake kutoka getini.

Anakoroga. Anaimba chini chini. Vifundo vyake vina plasta ndogo ndogo.

"Fusae, harufu ikoje? Niambie, mimi siisikii."

Naandika.

"Fusae. Niambie tu. Ni kama ya mama?"

Sauti yake hii sijaisikia tangu tukiwa wadogo. Mkono wa plasta unapwita. Naweza kusema neno moja. Nimewahi kulisema Oktoba na paja langu linalikumbuka. Amegonga muhuri wake mwenyewe chini ya picha.

Nimesema: "Ndiyo, Kaka. Ni kama ya mama."

Amecheka. Nasikia anafuta macho kwa mkono wa shati, anapenga. Anapakua. Sufuria inakwaruzwa mpaka chini.

Amekuja na mabakuli mawili. Lake amelijaza, langu amelijaza zaidi. Majani mengi, ya kijani sana. Ameweka kijiko upande wa kushoto, amekumbuka mkono. Anadhani naandika nyuzi joto.

Katika nyumba hii yeye huanza kula, miaka yote. Leo amekaa wima, mikono magotini, hagusi bakuli.

"Leo anza wewe," amesema. "Nikuone ukila."

Anangoja nifunge daftari.