Nyigu Kwenye Minazi ya Baba

Giong Trom, Ben Tre

Kaka yangu Khiem,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Saigon, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima. Baba magoti yanamsumbua, lakini wali na samaki wake habakishi.

Uliuliza habari za minazi. Kaka, mwaka jana ungelia. Mbawakawa wembamba walijibana ndani ya makuti machanga kabla hayajakunjuka, wakayatafuna mpaka shamba zima likawa kama limeunguzwa. Tulipiga dawa, samaki wa mferejini wakaelea, mbawakawa wakabaki. Baba akaamua kuikata yote achimbe mabwawa ya kufugia kamba.

Hapo ndipo alipokuja Bi Suong wa ofisi ya kilimo na kikopo cha viwavi waliokauka. Alieleza kwamba ni watoto wa mbawakawa haohao, na ndani yao mna nyigu wadogo kuliko chawa. Wakitoka, hutaga mayai ndani ya viwavi walio hai na kuwaua; kazi yetu ni kutundika vikopo kama hicho minazini tu. Shangazi Tam alicheka akashika mbavu: “Wadudu waliopo hawakutoshi, unajiongezea wengine?” Baba akasema wakataji wanakuja wiki ijayo, ila mimi nikitaka kutundika takataka zangu, nitundike.

Nikatundika. Wakataji hawakuja, na miezi ikapita. Sasa makuti mapya yanatoka mazima, ya kijani, yanang'aa. Minazi michache imekufa, lakini mingi imeanza kushika vidaka vya nazi. Shangazi Tam ameomba kikopo chake, na anaapa kwamba yeye alijua tangu mwanzo!

Kaka, Baba alikuandikia kuwa wakataji walizuiwa na mafuriko. Si kweli. Niliwawahi gatini nikawaambia Baba amebadili mawazo. Minazi ile Mama aliipanda akiwa na mimba yangu. Nisingeweza kusikia shoka. Juzi nilimwambia Baba. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema, “Si ungeniambia siku ileile, wewe mtoto? Nilikaa uani asubuhi nzima naomba wasije.”

Wabusu watoto. Waambie wakija kwa mwaka mpya, Tet, madafu yapo.

Akupendaye,
mdogo wako Nhan