Mkamwana Wangu Ana Njaa na Jikoni Amekaa Baba Mkwe

Mama mshauri mpendwa, mimi ni mama yake Gwamaka, niko Isongole huku Ileje, mkoa wa Songwe, ukivuka mto kidogo tu uko Malawi, naomba unisaidie maana nimekwama na wa kumuuliza sina. Kusoma sikusoma. Anayeandika ni Tabita wa kwaya, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asiniongezee maneno ya kanisani. Wewe nakusikia redioni, betri zikichoka tunazianika juani zinaamka kidogo, ndiyo maana mambo mengine nayasikia nusu, kama yule mama aliyekimbiwa na mume, mpaka leo sijui kama mume alirudi.

Sasa shida yangu ni chakula, na si kwamba chakula hakuna. Mwaka huu mahindi tumepata, maharage yapo, magimbi mpaka nguruwe wanakula. Shida ni mkamwana wangu, anaitwa Tumpale, mke wa Gwamaka, na Gwamaka mwenyewe yuko Tunduma anasukuma mkokoteni kuvusha mizigo kwenda Nakonde, anakuja mara moja moja, mke ameniachia mimi. Huyo Tumpale ana mimba, mwezi wa tano umeisha unaingia wa sita. Mwanzoni alikuwa hali kabisa, harufu ya maharage tu anakimbilia nyuma ya nyumba kutapika, uji anatapika, maji anatapika, akabaki macho na shingo, nikasema huyu atakufa. Halafu ikaacha. Ikaacha yenyewe kama mvua, na njaa ikaja, lakini njaa gani hiyo mama mshauri, anakula asubuhi na kabla jua halijapanda anakuja mlangoni kwangu ananiuliza,

"Mama, ukoko upo?"

"Si umekula sasa hivi, Tumpale."

"Nimekula, mama, ila kimeishia njiani."

Nikamwambia tumbo lako limekuwa ghala la kijiji. Akacheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Nikueleze kitu kimoja hapa maana wewe pengine ni mtu wa pwani hukijui. Sisi Wandali mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimsikia anakohoa anajificha, akimkuta njiani anaingia migombani mpaka apite, jina lake hataji, na pale anapokula baba mkwe yeye hali. Mimi mwenyewe baba mkwe wangu niliuona uso wake siku amekufa, na wanasema alikuwa mtu mzuri. Zamani haikuwa taabu, mzee wangu Mbonile alikuwa anashinda shambani, akitoka shambani yuko kilabuni, jiko linabaki la wanawake, Tumpale anapika, anakula, anaonja sufuria mara nne hakuna wa kumwona. Lakini wakati wa kuvuna kahawa mzee alianguka, upande mmoja ukafa, mkono na mguu, mdomo ukavutika, maneno anayasema lakini yanatoka kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Na tangu hapo anasikia baridi. Huku kwetu baridi ni baridi kweli. Basi asubuhi tunambeba tunamkalisha jikoni karibu na moto, hatoki mpaka jua limezama. Na akiwa jikoni Tumpale haingii. Kwa hiyo napika mimi na miguu yangu hii, napakua, nazunguka nyuma na bakuli nampelekea nyumbani kwake.

Na nampakulia kidogo. Nasema ukweli, nampakulia kidogo kwa makusudi, si uchoyo, Tabita ananijua. Mimi nilikuwa na binti, Sekela, kitinda mimba wangu. Alipobeba mimba alirudi kwangu nikamlea, maziwa asubuhi, maziwa jioni, ndizi za nyama, akanenepa akang'aa, watu wakawa wananisifia njiani. Uchungu ulimshika Jumatano, Ijumaa mtoto bado, tukamweka kwenye machela tukaanza kupanda mlima kwenda hospitali, hatukufika. Wanawake waliomuosha walisema mtoto alikuwa mkubwa mno, ulimnenepesha tumboni. Hilo neno nimelala nalo miaka yote hii. Ndiyo nikasema huyu wa watu nitampa kidogo, mtoto awe mdogo, atoke aseme nimefika, halafu akishatoka nitamnenepesha mimi mwenyewe mgongoni kwangu. Na mayai simpi, mtoto asije akazaliwa hana nywele, hilo hata mama yangu alilisema.

Tumpale akaanza kula udongo. Anabandua ukuta wa nyumba yake, karibu na dirisha pamekuwa shimo, na siku ya soko ananunua ule udongo wa vijiti. Nikamgombeza, akasema mama unanukia kama mvua, nishindwe vipi.

Mzee naye hali siku hizi. Nampakulia ugali mzima na samaki kwenye sahani yake ya bati yenye ua jekundu, anakula nusu, nusu anabakiza, na ule upande wa samaki wenye nyama hagusi, ananiambia toa sahani, weka pale nje mlangoni, inaninukia. Kila siku hivyo. Nadhani ugonjwa unammaliza, na mimi nina wagonjwa wawili na miguu miwili.

Sasa sikiliza. Siku moja nimetoka kuchuma mboga, napita nyuma migombani, namkuta Tumpale amechuchumaa, ana sahani mapajani, ile ya bati yenye ua jekundu. Nikamuuliza,

"Tumpale, hiyo sahani ya nani?"

Alimeza kwanza.

"Mama, najua ni ya nani," akasema. "Nilijua kabla sijaigusa."

Mama mshauri, mkamwana kula masalio ya baba mkwe kwetu ni kama amemvua nguo. Ningenyamaza. Haki ningenyamaza, nilishaifunika ile sahani na khanga. Lakini wifi yangu mkubwa, dada yake mzee, alikuwa nyuma yangu anakuja kusalimia, na wifi yangu hata akiwa na kikohozi masikio yake hayaumwi. Akasema, "Amekula mate ya mkwewe. Aende kwao Bupigu kwa miguu yake, arudi na baba yake mdogo na kuku mweupe, asafishwe. Mpaka hapo asipewe kitu kilichopikwa kwenye moto huu." Nikasema wifi, ana mimba. Akasema na mimba imekula.

Tangu siku hiyo sijampelekea kitu cha moto. Anakula ndizi mbivu na parachichi. Tabita naye kumbe anampelekea viazi vya kuchoma, nimejua sasa hivi maana kalamu imesimama. Endelea kuandika, sijakasirika.

Safari ya Bupigu ilikuwa iwe Jumapili iliyopita. Jumamosi akaanguka mtoni na ndoo, macho yamegeuka, midomo myeupe kama ya mtu aliyekula unga. Wifi akasema umeona, mwiko umemshika. Mimi sikusema kitu. Nilimkalisha nikamfuta matope, akanishika mkono akaniambia, "Mama, mtoto alikuwa anacheza sana nikilala. Siku hizi hachezi vile."

Sasa naomba unijibu. Ni mwiko au ni njaa? Nikimpa chakula nitampaje asije akafa kama Sekela? Na nikimnyima je? Wifi anasema Jumapili hii aondoke, na akisema wifi ukoo mzima umesema. Mzee hatujamwambia, tusije tukamuua kwa aibu. Tabita anasema karatasi imeisha, basi naishia hapa japo sijamaliza.

Mama Gwamaka, Isongole.

*

Mama Gwamaka, shikamoo. Barua yako imelala posta, imenifikia imechelewa, kwa hiyo nakujibu bila kujua nyumbani kwako kuko vipi leo. Nitasema kama vile bado kuna muda.

Mtoto kwanza. Mama wa miezi hiyo akisema mtoto hachezi kama zamani, hasubiriwi Jumapili wala kuku. Tumpale apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo unaposikia maneno haya, na asitembee. Baiskeli, pikipiki, machela, chochote. Aseme mwenyewe kwamba ameanguka, anakula udongo, na mtoto amepungua kucheza. Watampima damu, watamsikiliza mtoto, watampa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo ikihitajika. Kula udongo na midomo myeupe mara nyingi ni damu iliyopungua. Si tabia mbaya na si mwiko.

Umeniuliza ni mwiko au ni njaa. Ni njaa, mama, na ni njaa ya haki. Miezi ya kwanza mimba humkatisha mtu chakula. Ukiingia wa nne kichefuchefu hupungua, na hapo mwili unataka kurudisha na kujenga: damu inaongezeka, mtoto anarefuka, matiti yanajiandaa. Wataalamu huhesabu nguvu ya chakula kwa kalori, wanasema katika miezi hii mama anahitaji kama mia tatu na kitu zaidi kwa siku. Usihangaike na hesabu hiyo. Ni bakuli la uji wa ulezi uliotiwa karanga, na ndizi mbivu juu yake. Ndiyo hiyo nyongeza. Si kula sahani za watu wawili, lakini inawekwa juu ya mlo kamili, na Tumpale mlo kamili hana. Alitapika miezi mitatu, ukampunguzia, kisha mkamnyima, na ndoo bado anabeba. Mpe ugali, maharage, mboga za majani, samaki, na yai mpe. Nimeona watoto wengi wa mayai, wana nywele. Asipomaliza kwa mara moja, ale kidogo kidogo mara nyingi.

Sasa nitakukemea, na unisamehe umri wangu. Wewe una akili, unaona kila kitu, na umemnyima chakula mtu anayekuita mama. Nimesoma habari za Sekela mara mbili. Sikuwepo, siwezi kukwambia ni nini kilimuua. Lakini njia ya mtoto inaweza kuwa nyembamba, mtoto anaweza kukaa vibaya, na mama akikaa na uchungu kutoka Jumatano mpaka Ijumaa bila kufika hospitali anaweza kufa hata kama mtoto ni mdogo kama kuku. Wanawake wale walikupa neno la kubeba kwa sababu hawakuwa na jingine la kusema. Litue. Kumnyima mama chakula hakupanui nyonga. Kunampunguzia damu ambayo ataimwaga siku ya kujifungua, kunamwondolea nguvu za kusukuma, na mtoto anazaliwa mdogo mno, dhaifu. Unachopaswa kufanya kwa ajili ya Sekela ni kumpeleka Tumpale kliniki kila mwezi, na mwezi wake ukifika ahamie karibu na hospitali kabla ya uchungu, si baada yake.

Kuhusu jiko. Mila yenu siicheki. Lakini hakuna mila iliyosema nyumba moja ina mafiga matatu tu. Washa moto wa pili nyumbani kwa Tumpale, leo, apike mwenyewe, aonje sufuria mara nne. Mlipaswa kufanya hivyo tangu siku mzee alipoanguka.

Na mzee. Unasema hali, ugonjwa unammaliza. Mama, mtu aliyechoka chakula habakizi upande wenye nyama. Anabakiza nusu ile ile kila siku, na anataka sahani iwekwe nje mlangoni, mahali ambapo mkamwana anapita. Mimi sipo hapo na naweza kukosea. Lakini nadhani huyo mzee anamsikia Tumpale anapokuuliza habari za ukoko, na kwa kuwa hawezi kumwona wala kumsemesha, amekuwa akimlisha kwa njia aliyoiona, kutoka kwenye tumbo lake mwenyewe lenye ugonjwa. Mnaogopa kumuua kwa aibu. Kaa naye karibu na moto, msikilize taratibu hata kama maneno yanatoka kama kiazi cha moto, umuulize. Sahani ni yake. Akisema ameitoa kwa hiari, wifi hana kesi. Akitaka kuku bado, wazazi wa Tumpale walete kuku Isongole, au wifi aende Bupigu kumchukua. Wifi ana miguu na hana mimba.

Gwamaka aitwe. Kuna magari yanayotoka Tunduma kila siku, mtumieni mtu. Mkokoteni utasukumwa na mwingine.

Linalobaki ni lile ambalo sipendi kulisema. Inawezekana jibu hili linakukuta mtoto ameshatoka kabla ya wakati wake, na mmeshamzika. Kama ni hivyo, wifi atasema mwiko umelipwa, na watu watamwangalia Tumpale kama mtu aliyejiletea. Usikubali, na usikae kimya safari hii. Mwanamke aliyepoteza mimba damu yake imepungua zaidi, na mwili wake unadai chakula kilekile. Asitembezwe kwenda popote. Asiulizwe kitu. Mpakulie, umjazie, ukae naye mpaka amalize.