Maksai wa Baba na Ndege Yenu

Wangaluka, mjukuu wangu Nkwimba. Huku Kasoli tu wazima. Pamba imeota na dada yako amejifungua salama.

Umeniuliza kwa nini ndege kubwa ya kampuni yenu, bado nzima, inakosa wa kuikodi, kila shirika likitaka viti vya mtindo wake. Ndege sizijui. Lakini nikiwa msichana, baba aliuza maksai wake wawili wa kulimia, maana tulihitaji chakula. Mnunuzi akawarudisha.

"Hawanisikii," alisema.

Mnunuzi wa pili naye akawarudisha. Kisha akaja mama mmoja wa Nkololo. Yeye alilima kwanza shambani kwetu, akiiga sauti ya baba, mpaka maksai wakamfuata, ndipo akalipa.

Baba aliwatazama wakiondoka, akasema, "Sasa wamenunuliwa."

Bibi yako